Gobilini na bagibea wakifika mjini, wenyeji wawapokeeje?

Kete20
Wakuu, naendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za 2014. Kundi la wachezaji lina gobilini mwizi (kiumbe mdogo wa kubuni), bagibea mpiganaji (jamaa yake mkubwa mwenye manyoya) na binadamu wawili, mmoja wao mchawi. Kikao kijacho wanaingia mji wa watu kama 800, ambao magobilini waliuchomea mashamba miaka michache nyuma. Wakipita bila kuulizwa, historia ya mji inakosa maana. Walinzi wakiwavamia langoni, mchezo umeishia hapo. Mnapimaje?

MlinziWaLango
Mkuu, usiupe mji wote moyo mmoja. Mlinzi anaogopa kufukuzwa kazi, mchuuzi anaogopa kukimbiwa na wateja, na aliyechomewa ghala anaogopa yale yale yasirudi. Amua kila mmoja ana nini cha kupoteza, kisha rudi kwenye kanuni.

Zina ngazi tatu za mtazamo wa mtu: rafiki, asiyejali, adui. Asiyejali, mchezaji akirusha dadu ya pande 20, akajumlisha nyongeza ya Haiba (uwezo wa mhusika wa kushawishi) na kupata 10 au zaidi, hutenda aombwalo mradi halina hatari kwake. Akipata 20, hukubali hatari ndogo. Sasa, kumfungulia gobilini lango ni hatari kwa mlinzi, kwa hiyo kwa maneno matupu wanahitaji 20. Lakini wakiacha silaha langoni, binadamu mmoja akawadhamini na wakaweka amana ya fedha, hatari imeondoka na 10 inatosha. Hapo ndipo utamu ulipo: wachezaji wanatafuta njia, hawategemei bahati tu. Mwenye ghala muanze kama adui. Kwake hata 20 humfanya atende tu kile kisichomhatarisha, basi.

DaduMbili
Naongezea kwa umati usio na majina. Kanuni za 1981 za mchezo huu huu zinarusha dadu 2 za pande 6 na kujumlisha: 2 wanashambulia, 3 hadi 5 wana uadui, 6 hadi 8 hawajaamua, 9 hadi 11 hawashambulii, 12 urafiki wa dhati. Mzungumzaji mwenye alama za Haiba 13 hadi 17 huongeza 1, mwenye 18 huongeza 2.

Kwa ajili ya mashamba yaliyochomwa toa 1 kwenye jumla ya dadu, usizidishe. Bila kutoa kitu, nafasi ya kushambuliwa papo hapo ni 1 kati ya 36. Ukitoa 1 inakuwa 3, ukitoa 2 inaruka hadi 6. Wengi hutoa 3 au 4 kisha wanashangaa kila soko linageuka uwanja wa vita.

Kete20
Asanteni sana. Na wakiamua kujificha sura?

MlinziWaLango
Uchawi wa daraja la 1 wa kujibadili sura ni wa mwenye kuutumia tu, mchawi wenu hawezi kumrushia mwenzake. Kofia ya kujigeuza, inayompa avaaye uchawi huo huo, ingemfaa gobilini. Uchawi wenyewe hudumu saa 1 na hubadili kimo kwa futi 1 tu, kwa hiyo bagibea wa futi 7 bado ni jitu la futi 6. Tena ni mwonekano tu: akijionyesha mwembamba, mkono wa mpita njia sokoni utagonga mwili mahali ambapo macho yanaona hewa tupu.

Kibaya zaidi ni kumroga mwenye duka ili awapende. Uchawi ukiisha anajua alichofanyiwa, na mji uliokuwa na shaka sasa umepata ushahidi.

Mkeka
Mmesahau wachezaji wenyewe walioketi mezani. Kosa kubwa ni gobilini kuachwa nje ya nyumba ya wageni huku wenzake wakicheza saa nzima ndani. Kama mhusika hawezi kuingia, mpe tukio hapo hapo nje: mtoto anamchungulia, mlinzi wa usiku anaomba moto. Na waulize wachezaji kabla ya kikao wanataka ubaguzi kiasi gani. Wapo wanaoupenda kama changamoto, na wapo walioutoroka nje ya mchezo na hawataki kuukuta tena humu.

Tukio moja la lango kwa kila mji mpya linatosha. Baada ya hapo fuata ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu mtu awape kazi, kwa mfano kisima kilichoingiliwa na kitu usiku. Wakiimaliza mbele ya mashahidi, walioiona wapande ngazi moja. Wasioiona wabaki walipo hadi habari iwafikie, na mwenye ghala awe wa mwisho.