Naomba ushauri: swaks inapigwa 535, doveadm inakubali

Wakuu, habari za kazi. Nina seva ya barua pepe: Postfix inatuma na kupokea barua, Dovecot inawapa watu visanduku vyao na kuthibitisha nenosiri. `doveadm auth test` (amri ya Dovecot ya kujaribu nenosiri) inapita bila shida, hata IMAP (njia ya kusoma barua) watu wanaingia. Ila nikijaribu kutuma kwa swaks, zana ya kupima seva za barua, hivi:

`swaks --server mail.example.com:587 --tls --auth LOGIN --auth-user juma@example.com`

TLS (usimbaji wa muunganisho) inakubali, kisha seva inanijibu 535 5.7.8, yaani uthibitishaji umekataliwa. Nenosiri ni sahihi, nalibandika swaks inapoliuliza. Kinachonitatiza zaidi ni logi ya Dovecot: kimya kabisa, kana kwamba hakuna aliyebisha hodi. `postconf smtpd_sasl_type` (mpangilio wa Postfix wa nani anathibitisha nenosiri) inasema dovecot, lakini kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix), chini ya submission (huduma ya bandari 587), aliyenitangulia aliacha mistari kibao ya `-o`, ambayo hubadilisha mipangilio ya jumla kwa huduma hiyo. Je, inawezekana hapo bado inatumika cyrus (mfumo mwingine wa kuthibitisha nenosiri)? Nikiifuta mistari hiyo, wateja walioko hewani hawataathirika?