Mrejesho: Kuvua sangara kutoka ufukweni Entebbe pamoja na watoto

Ndugu zangu, niliuliza kama vifaa ambavyo shemeji yangu wa Mombasa huvulia papa kutoka ufukweni, yaani mshipi mnene wenye kipande cha waya karibu na ndoana, vingetufaa kwa sangara wa Ziwa Victoria. Mlionishauri niache waya mlisema kweli, kwa kuwa sangara hana meno ya kukata kama ya papa, na nailoni nene ilitosha; kinachojeruhi ni ukingo mkali wa kifuniko cha mashavu yake, uliomchana mke wangu kidole. Watoto, kwa hofu yangu ya kichocho, walivuta mshipi wakiwa nchi kavu, ingawa walinung'unika sana. Tuliyempata alizidi sentimita 50 zinazotakiwa kisheria, naye mama mkwe alidai kichwa.