Tumehitimu TASAF, kuku wenyewe wamebaki 6. Nianzie wapi?

Mama Tatu, Muheza
Habari za humu. Juzi kwenye mkutano wa kijiji tumetangaziwa kwamba kaya yetu imehitimu, yaani tumetolewa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, ila moyoni nikasema hee! Nimekuwa mlengwa tangu 2015, baba watoto alikuwa ameshatangulia. Ile hela ya kila miezi miwili, elfu 40 na kitu, ndiyo ilikuwa madaftari, sare na unga. Ruzuku ya uzalishaji nilinunulia matetea, wakazaana hadi 60, nikauza, nikaezeka bati. Nahisi bati ndilo lililonihitimisha. Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita, wamebaki 6. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa nina hisa za elfu 85. Nirudie kuku, au nikakaange mihogo pale stendi? Na huyu mkubwa wangu yuko kidato cha sita, sijui chuo itakuwaje.

Mtoto wa Kariakoo
Serikali haiwezi kuwalea milele. Pambana mama.

Bi Mwanahawa, Lindi
Wewe Kariakoo umewahi kugawa nusu kilo ya unga kwa watu watano? Tupishe.

Mama Tatu, pole mwenzangu. Mimi nilitoka mwaka juzi. Kosa nililofanya, nilichukua hisa zangu zote kwa mkupuo nikanunua mbuzi. Mbuzi hakupi hela ya chumvi Jumanne. Anza na mihogo, maana inarudisha hela jioni ile ile. Usiguse hisa, omba mkopo mdogo kikundini: karai, mafuta, mkaa, inatosha. Na makondakta usiwakopeshe, wanakula leo kesho wamebadilishiwa gari.

Kuku usiwaache, lakini safari hii wachanje. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, hata kama hawaumwi. Ukisubiri wazubae umeshachelewa, kideri hakina dawa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana na kikishafunguliwa hakilazwi, kwa hiyo changishaneni majirani mchanje siku moja. Sisi mtaani kwetu tunafanya Jumamosi asubuhi kabla hawajafunguliwa. Mwaka wa kwanza kuna jirani aligoma kuchanga mia mbili. Alipoteza banda zima, sasa yeye ndiye anayetuamsha.

Mstaafu Maendeleo ya Jamii
Naongezea mawili. Kikundi chenu kikisajiliwa halmashauri mnaweza kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini ni mkopo, si sadaka. Nimeona vikundi vikigawana siku ya kwanza na kukimbiana siku ya pili. La chuo: tunza namba ya kaya yako ya TASAF na karatasi zake zote. Kijana ataitaja akijaza maombi ya mkopo wa chuo Bodi ya Mikopo.

Mama Tatu, Muheza
Asanteni, Bi Mwanahawa nimecheka hiyo ya makondakta, kumbe ni nchi nzima! Kadi ya TASAF nimeikuta kwenye mkoba wa kliniki wa Tatu, imeliwa na mende pembeni ila namba inasomeka. Kikundi kinakaa Alhamisi, nitaomba elfu 50. Kuna mtu anauza karai lililotumika, anasema elfu 18. Si ghali?

Bi Mwanahawa, Lindi
Ligonge kwanza chini. Likiwa na tundu, hata bure usichukue.