Barua za Hunter S. Thompson: juzuu ipi itangulie?

Msomaji wa Usiku: Wanajukwaa, fedha nilizonazo zinatosha kitabu kimoja tu kati ya juzuu mbili za barua za Hunter S. Thompson, yule mwandishi wa habari wa Marekani ambaye wahariri walishindwa kumdhibiti. The Proud Highway, iliyotoka mwaka 1997, ina barua za 1955 hadi 1967. Fear and Loathing in America, ya mwaka 2000, inafika 1976. Ipi itangulie?

Bi Zuhura: Ndugu, nunua ya kwanza. Katika ya pili ameshakuwa mashuhuri, na kurasa nyingi anavutana na jarida la Rolling Stone juu ya malipo. Katika ya kwanza hana jina. Mwaka 1958 anaomba kazi katika gazeti la Vancouver Sun, na ndani ya barua hiyohiyo ya maombi anaeleza jinsi anavyoidharau taaluma anayoiombea nafasi. Mwaka uliofuata William Kennedy, mhariri wa gazeti la San Juan Star huko Puerto Rico, anamnyima kazi. Thompson anamjibu kwa vitisho, na urafiki wao unaanzia hapo. Kennedy ndiye aliyeiandikia juzuu hii dibaji. Mimi huruka dibaji, lakini hii niliisoma mara mbili.

Karani Mstaafu: Ushauri wa Bi Zuhura ninaukubali, ila asidhani mtu kwamba kijana huyu aliandika faraghani. Barua zake alizitolea nakala kwa kaboni, ile karatasi ya wino inayowekwa kati ya kurasa mbili, tangu alipokuwa hajulikani. Nimepiga taipureta ofisini miaka mingi: ukikosea herufi moja unaifuta juu, unaifuta chini, na vidole vinabaki vyeusi. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa barua asiyotaka isomwe tena.

Bi Zuhura: Hoja ina uzito, mzee wangu. Hata hivyo, barua aliyomwandikia Kennedy tarehe 22 Novemba 1963, siku Rais wa Marekani alipouawa, haina maringo. Na humo ndimo yalimo maneno “fear and loathing”, yaani hofu na karaha, yaliyokuja kuipa jina juzuu ya pili.

Karani Mstaafu: Kwa hoja hiyo moja umenishinda.

Msomaji wa Usiku: Basi nachukua ya kwanza. Je, nisome kwa mfuatano?

Karani Mstaafu: Soma kwa mfuatano hadi 1962, anapokwenda Amerika ya Kusini kuliandikia gazeti la National Observer. Baada ya hapo rukaruka upendavyo, ila ile ya Novemba usiiruke.