Tumshukuruje Mungu kwa nchi yetu siku ya Mavuno?

Mzee wa Usharika, Kigoma:
Bwana Yesu asifiwe. Nimepewa kazi ya kuandika sala ya kuishukuria nchi yetu, itakayosomwa kwenye Sikukuu ya Mavuno kabla ya mnada. Ya mvua na ardhi nimekwisha kuyaandika, lakini kila nikifika kwenye amani kalamu inasita, kwa kuwa mkoa wetu umewapokea kwa miaka mingi watu waliokimbia vita Burundi na Kongo, na baadhi yao husali nasi. Nikiandika kwamba tunashukuru kwa kuwa hatukupatwa na ya jirani zetu, sitakuwa nimeazima sala ya yule Farisayo aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili:
Shikamoo, mzee. Soma Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Mwisraeli anayepeleka kapu la malimbuko haambiwi aanze kwa kuisifu nchi, bali akiri kwanza kwamba baba yake alikuwa Mwarami asiye na makao, aliyeshuka Misri na watu wachache, na kwamba huko waliteswa. Mstari wa 11 unamwingiza mgeni katika furaha hiyohiyo, na wa 12 unataka zaka ya mwaka wa tatu wapewe Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hata wimbo wetu wa taifa, ambao sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, unaiombea Afrika nzima katika ubeti wa kwanza, nayo Tanzania inasubiri wa pili.

Mzaliwa wa Katumba:
Shikamoo, mzee. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, nami nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba. Vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa mwaka 2014, mama alikifunga chake katika mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya Biblia, kisha akajaza debe la maharage na kumpelekea bibi mwenyeji aliyempa mbegu za kwanza. Usione haya kuitaja amani mbele yetu, maana tuliowahi kuikosa tunaiitikia "Amina" kwa nguvu zaidi. Kinachotuuma ni kuwekwa kila mwaka katika maombi ya wenye shida, ilhali na sisi tumepanga mahindi yetu pale madhabahuni.

Mhazini mstaafu:
Niongeze jambo lisilopendeza. Kwetu jogoo mmoja, miguu imefungwa kamba ya katani, alinadiwa mara nne, kila mnunuzi akimrudisha auzwe upya, na fedha yote ikaenda kununua bati. Sikatai bati, ila Walawi 19 inaagiza pembe za shamba zisivunwe, ziachiwe maskini na mgeni. Basi sehemu yao itengwe kabla mnada haujaanza, kwa sababu ukishaisha hakibaki kitu.

Mzee wa Usharika, Kigoma:
Marahaba, wanangu, nanyi nyote nawashukuru. Ule mstari wa jirani nimeufuta, na sala sasa inaanza na babu yangu, ambaye naye alihamia hapa akiwa na jembe na mbuzi wawili. Baraza limekubali magunia matano ya mahindi yasinadiwe, na kamati ya kuyagawa itakuwa na watu wa pande zote. Kilichobaki ni kukubaliana nani atakaa na ufunguo wa stoo.