Filamu za mashujaa: tuujenge mji wa giza, au tuipige Goma kama ilivyo?

Mwanzisha mada
Vijana wanaoandaa filamu fupi za mashujaa wenye vinyago hapa Goma wanagawanyika palepale kila mara. Wengine wanataka sura ya kigothi: minara, vivuli virefu, moshi. Wengine wanataka barabara zetu bila kuzigusa. Mimi niko upande wa kwanza. Tim Burton alipotengeneza filamu ya Batman ya 1989, Gotham, mji wa huyo Batman, haikuwa mji wa kwenye ramani. Anton Furst aliibuni ikajengwa kwenye uwanja wa studio za Pinewood, Uingereza: njia nyembamba, majengo yanayokuelemea, vyuma na mabomba juu ya vichwa. Kazi hiyo ilimpatia yeye na Peter Young tuzo ya Oscar. Mtu mwenye masikio ya popo anahitaji mji unaomkubali. Msimamishe mchana kweupe kwenye mzunguko wa Chukudu, watu wataona mtu aliyetoka kwenye sherehe ya watoto.

Mpiga picha, Himbi
Yaya, hapo sikufuati. The Dark Knight ya Christopher Nolan, 2008, ilipigwa kwa sehemu kubwa katika barabara za kweli za Chicago, na lori linalopinduka pale LaSalle Street lilipinduliwa kweli. Popo ni yuleyule, na watu walimwamini. Walimwamini kwa sababu vitu vilikuwa na uzito. Goma inatupa uzito huo bure: vumbi jeusi, kuta za mawe ya volkano, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyojaa makala ikiteremka.

Ila uhalisia unataka nidhamu. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Ukitoka hapo, taa za LED za bei rahisi zinaleta michirizi kwenye picha. Hata ukipanga sawa, grupu (jenereta) ndogo ikilemewa mwendo wake unashuka, hezi zinashuka nao, michirizi inarudi. Tumia taa za betri. Na uzime mwanga wa otomatiki wa simu: usiku unapandisha wenyewe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), weusi wote unajaa chembechembe.

Mtu wa mapambo, Katindo
Mpiga picha, Nolan huyohuyo, kwa filamu ya Batman Begins ya 2005, alijengewa mitaa ya Gotham ndani ya hangari la Cardington, Uingereza. Uhalisia nao unajengwa.

Mimi nina ugomvi na minara ya tripleksi. Matao yaliyochongoka ni ya makanisa ya Ulaya, na ukiyaiga kwa mbao nyembamba yanapinda mvua ya kwanza inaponyesha. Sisi tuna jiwe. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakajenga tena juu yake na kwa mawe yake. Ukuta wa jiwe hilo ukiukaribia umejaa vitundu vidogo, na kila kitundu ni kivuli. Tatizo ni kwamba jiwe hilo linameza mwanga, na ukilimulika kwa mbele linageuka doa bapa. Weka taa pembeni kabisa, karibu kushikana na ukuta, mwanga upite juu ya mawe, kila kitundu kitajitokeza. Ukilimwagia maji linang'aa vizuri, lakini vile vitundu vinakunywa maji, kwa hiyo andaa bidoni tatu za lita 20 kwa kipande kifupi cha ukuta na umwage tena kabla ya kila pigo la kamera.

Moshi hauonekani bila taa ya nyuma. Upepo wa ziwani ukianza, hamia kati ya kuta mbili. Na msichome matairi, tafadhali. Waigizaji wanavuta hewa hiyohiyo.

Fundi mavazi
Mnabishana juu ya kuta wakati uamuzi uko shingoni. Vazi la 1989 lilikuwa na kofia iliyoungana na mabega, Michael Keaton hakuweza kugeuza kichwa, aligeuza kiwiliwili chote. Kwa mtindo wa Burton ilifaa: anasimama kama sanamu. Vazi la 2008 lilitenganisha kofia na shingo, kwa sababu shujaa wa Nolan anapigana na kutazama nyuma. Amueni kabla sijakata sponji.

Natumia sponji ngumu ya milimita 10 kifuani, milimita 5 kwenye viungo. Gundi ya fundi viatu inapakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isishike kidole, ndipo unabana. Ukibana mapema, mshono unafunguka kwenye jasho. Sponji ifungwe kwa tabaka la gundi kabla ya rangi, la sivyo inafyonza rangi yote. Joho lisiwe jeusi lisilong'aa mbele ya ukuta wa lava, litapotea. Chagua kitambaa chenye mng'ao kidogo.

Mhariri
Watazamaji wetu wako kwenye simu, mara nyingi juani. Picha ya giza ikipitia WhatsApp inabanwa na vivuli vinakatika vipande vya mraba. Giza lisifike weusi mtupu, na uso ubaki unasomeka. Itume kwanza kwenye simu ya kawaida, mwangaza nusu, uitazame nje.

Mwanzisha mada
Sawa, minara naiacha, vivuli siviachi. Kamera inayotikisika, vumbi, watu wanakimbia: dunia imeshaiona Goma hivyo kwenye taarifa za habari. Mweke shujaa humo, mtazamaji atasubiri sauti ya mtangazaji. Mtindo unatutoa hapo. Na wewe Mpiga picha, ukipiga mchana, jua la saa sita linapiga utosini, macho ndani ya kinyago yanakuwa mashimo mawili. Utafanyaje?

Mpiga picha, Himbi
Kutikisika ni uvivu, siyo uhalisia. Tripodi, pigo refu, na Goma haitafanana na habari. Kuhusu jua: piga saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri. Ukilazimika saa sita, tandaza shuka jeupe la mita 2 kwa 2 juu ya kichwa, na kadibodi nyeupe chini ya kidevu, nje kidogo ya fremu. Macho yataonekana.