Naomba ushauri: idadi ya sampuli ninayo, lakini msimamizi wangu hajaridhika

Mwanagenzi_Moro
Ndugu wanajukwaa, ninasoma shahada ya uzamili ya sosholojia na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu sababu zinazowafanya waendesha bodaboda wengi wa Manispaa ya Morogoro wasijiunge na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana. Viongozi wao wanakadiria kwamba katika kata nilizochagua wako 1,200. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, nikiruhusu kosa la asilimia 5, ninapata sampuli ya watu 300, ambao nimepanga kuwagawia hojaji vijiweni. Msimamizi amenirudishia andiko na swali moja tu: "Hao 300 utawapataje?" Je, kanuni haitoshi?

Mzee wa Takwimu
Kanuni inakupa idadi, haikuchagulii watu. Hesabu yako ni sahihi, lakini inachukulia kwamba kila dereva kati ya hao 1,200 ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, jambo ambalo halitatokea ukienda kijiweni saa sita mchana na kuwapa hojaji uliowakuta wamekaa, kwa sababu wenye wateja wengi watakuwa barabarani na wa zamu ya usiku watakuwa wamelala. Wote hao huenda kipato chao kinatofautiana na cha uliowakuta, na kipato ndicho kinachogusa uwezo wa kununua hisa.

Wingi hauponyi kasoro hiyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo wa uchumi, na waliojibu walikuwa sehemu ndogo tu ya waliotumiwa karatasi.

Orodhesha vijiwe vyote vya kata hizo, chagua baadhi kwa bahati nasibu, kisha katika kila kijiwe pata orodha ya madereva wote na uchague humo, hata kama itakulazimu kurudi usiku. Fahamu kwamba watu wa kijiwe kimoja hufanana, hivyo kwa njia hii 300 huenda wakawa pungufu.

Binti Kilosa
Naona tatizo linaanzia mbele zaidi ya sampuli. Umejuaje kwamba wengi hawajajiunga? Hilo lenyewe ni swali la utafiti, na hojaji inalifaa. "Kwa nini" ni swali jingine: ukimpa mtu majibu manne achague, atachagua sababu zako, si zake. Ningekushauri uanze na mahojiano ya kina, uendelee mpaka majibu mapya yakome kujitokeza, ndipo uandike hojaji kwa lugha uliyoisikia kwao. Na usiwahoji wasiojiunga peke yao. Kama waliojiunga nao wanalalamikia marejesho ya kila siku kwa mwenye pikipiki, basi marejesho hayawezi kuwa maelezo yanayotosha.

Mwanagenzi_Moro
Nashukuru sana. Hilo la kuwahoji waliojiunga sikulifikiria kabisa. Je, barua ya chuo inatosha kuingia vijiweni?

Mzee wa Takwimu
Barua ya chuo huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye hukuelekeza wilayani na kwenye kata. Usifike kijiweni ukiwa umeongozana na mtendaji, maana watadhani umekuja kwa habari za ushuru, na kuanzia hapo kila mtu atakutajia kipato kidogo.

Binti Kilosa
Naongeza moja: dereva aridhie mwenyewe, hata kama mwenyekiti wa kijiwe amekwisha kukubali kwa niaba ya wote. Na usiandike majina kwenye hojaji, kwa kuwa utauliza habari za madeni na wenzake wamekaa mita mbili kutoka hapo.